"Picha Linaanza": Maneno ya Sinema Katika Vinywa vya Vijana Wetu

Ndugu msomaji, zamani maneno mapya yalitujia kwa njia ya bandari, soko na jeshi. Siku hizi mengi yanatoka katika sinema, yanapita kwenye simu, na kabla ya mwezi kuandama yamo katika vinywa vya watoto wetu. Hapa Bukoba, na kule Muleba mpaka Kamachumu, ambako mtoto hulelewa kwa Kihaya nyumbani na Kiswahili shuleni, maneno haya yamekuwa kama lugha ya tatu. Nyinyi wenzetu wa pwani mnayo hayo hayo, maana mtandao haujui bara wala mwambao.

Wako wazee wanaosema kuwa yote ni upuuzi na dawa yake ni bakora. Mimi sikubaliani nao. Neno hupimwa kwa asili yake, kwa maana yake, na kwa kazi linayofanya katika ulimi wa mwenye kulisema. Hayo matatu aghalabu hayaendi pamoja.

Tuchukue "stelingi". Mtazamaji wa Kiswahili aliona kwenye tangazo la sinema neno la Kiingereza lenye maana ya "waigizaji wakuu ni hawa", na chini yake jina la mtu. Akadhani hicho ni cheo chake, kama vile sheikh au kapteni. Basi mhusika mkuu akawa stelingi, na wakiwa wengi ni mastelingi. Hapo hapana dhambi. Wazee wa pwani msitucheke, kwani nanyi mlijipanga foleni kutazama sinema za Kihindi, na Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 iliwaliza wengi wenu.

Ila neno hilo lilizaa msemo: "stelingi hafi". Risasi elfu zitamkosa, gari litatumbukia korongoni naye atatoka akijipangusa vumbi. Katika kiti cha kutazamia hiyo ni burudani. Lakini kijana wa bodaboda anayeshuka mlima bila kofia ngumu, amepakia abiria wawili, akaonywa, akajibu kwa kicheko kwamba yeye ni stelingi, huyo amekwisha kuutoa msemo katika kibanda akautia barabarani. Na hii si tabia ya hadithi zetu. Fumo Liyongo, shujaa wa mwambao, aliuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Sayyidna Hamza aliuawa Uhud katika mwaka wa 3 wa Hijra, na hakuna Muislamu aliyesema kwamba ushujaa wake ulipungua kwa hilo. Shujaa wa kwetu alijulikana kwa namna alivyoyakabili mauti. Huyu wa sinema anajulikana kwa kutoyapata.

Rambo sitalisema kwa kirefu. Ni askari wa sinema ya Kimarekani ya mwaka 1982, ameigizwa na Sylvester Stallone, na katika nchi yetu jina lake likaishia kwenye mfuko wa plastiki wa kubebea sukari na nyanya. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Hilo ni funzo tosha juu ya fahari ya dunia.

"Kibanda umiza" ni jina nililolipenda. Ni kile kibanda cha kuonyeshea sinema na mpira kwa viingilio vidogo, mabenchi ya mbao, joto, na magoti ya mwenzio mgongoni mwako. Aliyelibuni jina hilo alisema kweli tupu bila kuremba. Ndani ya vibanda kama hivyo ilizaliwa pia kazi ya wasimulizi, wale wanaoipunguza sauti ya sinema ya kigeni na kuieleza kwa lugha ya watu. Dar es Salaam ilikuwa na marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda wanayo kada nzima ya wasimulizi, na hapa kwetu karibu na mpaka wa Mutukula, ambako Kiganda si lugha ya mbali na Kihaya, sauti zao si ngeni. Watu hawa si wafasiri kwa maana tunayoijua madrasani. Wanaongeza, wanapunguza, wanampa Mchina jina la mtaani, wanatia mzaha pale ambapo mwenye sinema alikusudia kilio. Mtazamaji anajua kwamba anachezewa, naye amelipia mchezo huo. Si ajabu pia kwa watu wa Kagera, ambao wazee wao waliketi usiku kumsikiliza mpiga enanga akiwasimulia habari za mashujaa kwa zeze na kwa ulimi.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. "Picha linaanza."

Sarufi yake kwanza, maana mwalimu haachi ualimu wake. Kwa kanuni tungesema "picha inaanza". Vijana wamelikuza jina: picha likawa li, kama vile nyumba inavyokuwa jumba. Wanataka usikie kwamba jambo lenyewe ni kubwa, lina vishindo. Sioni kosa la kuwapigia. Kiswahili kina mlango huo tangu zamani nao wameingilia mlangoni.

Maana yake ni hii: mtu anapotaka kusimulia kisa mtandaoni, hasemi "ilikuwa siku moja", wala hasemi "nimesikia kwa fulani". Anaandika "picha linaanza", kisha anakimwaga kisa. Mke wa jirani alionekana wapi, mfanyabiashara fulani alipata wapi mali, binti wa nani amerudi kwao na kwa sababu gani. Katikati anakata, anaahidi sehemu ya pili, na wasomaji wanamlilia amalize. Atakayefichua mwisho mapema huambiwa ameharibu uhondo.

Ndugu msomaji, tazama ujanja uliomo. Bibi zetu walipoanza hadithi walisema "Paukwa", nasi tukajibu "Pakawa". Kwa viitikio hivyo kila mtoto alijua kwamba sungura na fisi watakaofuata si majirani zake. Upande wa pili, wanavyuoni wetu walipopokea habari ya kweli waliitaka na mlolongo wa wapokezi: nani kamwambia nani, je, walikutana, je, ni mkweli, je, kumbukumbu yake ni madhubuti. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, alisafiri miji na miji kwa kazi hiyo. Basi tulikuwa na milango miwili, mmoja wa ngano na mmoja wa habari, na kila mmoja ulikuwa na bawabu wake. "Picha linaanza" imevunja ukuta uliokuwa baina yake. Msimulizi anachukua ladha ya ngano na mwili wa mtu halisi. Ukimbana alete ushahidi, atasema lilikuwa picha tu. Ukimwambia basi ni uongo, atakuapia kwamba ni kweli tupu.

Na mara mtu akishaitwa stelingi au adui katika kisa, huwa hana tena mama anayesoma habari hizo wala mtoto atakayezomewa shuleni kesho. Katika miji midogo kama Muleba jina halihitaji kutajwa. Taja duka na rangi ya gari, imetosha.

Ndugu wa neno hilo ni "koneksheni". Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya kiungo au mjuano, na zamani mtu alipata kazi kwa koneksheni. Siku hizi vijana wanapoombana "koneksheni" wanakusudia picha za utupu za mtu, mara nyingi zilizovujishwa na mwenzi aliyekasirika. Mzee hukaa nao barazani akisikia neno lenye sura ya heshima, naye asijue linalopitishwa chini ya mkeka. Hili silikosoi kwa sarufi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono. Na Surat An-Nur inamtaka mwenye kumtuhumu mwanamke mwema alete mashahidi wanne, akishindwa ni fimbo themanini. Mtoto anayesema "mimi sikurekodi, nimetuma tu" aelezwe na wazazi wake kuwa kutuma ndiko kulikomfikisha binti yule kwa watu elfu. Aelezwe kwa jina lake halisi la tendo, wala si kwa jina la mtaani.

Nisije nikadhulumu, liko neno moja ambalo nimelichukua mwenyewe. Mashabiki wa sinema za Bongo humwambia mwigizaji asiyejua kuigiza, aliyekuja ili aonekane tu, kuwa "anauza sura". Kwa miaka mingi nimefundisha maana ya riya kwa mifano ya vitabuni, na wanafunzi wakaitikia wakiwa nusu wamelala. Mwaka huu nikawaambia kuwa riya ni kuuza sura katika ibada. Darasa likaamka. Kijana mmoja akainua mkono: "Maalim, anayepeleka unga kwa mayatima akapiga picha na gunia, kisha akaziweka mtandaoni, anauza sura?" Nikamwambia tumwulize mwenyewe, je, angeupeleka unga ule kama simu yake ingekuwa imezimika chaji.