Shati la Dola Saba

Ndugu msomaji, usidanganyike na wanaosema Nickel and Dimed cha Barbara Ehrenreich ni kitabu cha uchumi. Ni masimulizi, na ndiyo maana kinatuhusu sisi tunaohangaika na miswada. Kilitoka Marekani mwaka 2001. Mwandishi, mama mwenye udaktari wa baiolojia na jina kubwa magazetini, kati ya 1998 na 2000 alikwenda kuomba kazi za kima cha chini kama mama wa nyumbani aliyeachika anayerudi kazini: mhudumu wa mgahawa Florida, msafisha nyumba za watu Maine, na mwisho mpanga nguo za kike katika duka la Wal-Mart, Minneapolis. Jina la kitabu limetoka kwenye sarafu za senti 5 na senti 10. Wenyewe wakisema umefanyiwa hivyo, wana maana umedonolewa kidogo kidogo mpaka mfuko umebaki mtupu.

Mimi nitasema juu ya sura ya Wal-Mart tu. Taabu ya mhudumu na mtumishi wa ndani tumeisoma mara nyingi. Duka la bei chee ni mnyama mwingine kabisa.

Mnyama huyu alizaliwa mwaka 1962, Sam Walton alipofungua duka lake la kwanza la jina hilo mjini Rogers, Arkansas. Kanuni yake haikuwa na uchawi: weka faida ndogo kwa kila kitu, kisha uza vitu vingi mno. Lakini bei haishuki yenyewe, jamani. Lazima kuna mtu anayebanwa. Anabanwa anayeleta mali, halafu anabanwa anayeipanga. Ehrenreich alilipwa dola 7 kwa saa kwa kurudisha kwenye henga nguo ambazo wateja wamezijaribu, wamezitupa ndani ya toroli au wameziacha sakafuni. Akimaliza upande huu, upande ule umeshavurugwa. Na hapo ndipo anapoandika vizuri kuliko mahali pengine pote, kwa sababu anaanza kuwachukia wateja. Bosi anamsahau, hasira yote inamwangukia mama anayechambua suruali za bei rahisi, ambaye huenda naye mfukoni hana kitu. Mwandishi mwoga angelificha hilo. Yeye kaliacha, pamoja na kejeli zake juu ya unene wa wateja, ambazo kwa kweli zinakera.

Halafu kuna maneno. Pale dukani hakuna mfanyakazi, kuna “mshirika”. Mshirika wa nini, bwana, kwa dola 7? Kupiga soga kidogo na mwenzako kunaitwa wizi wa muda. Kabla ya kuajiriwa unapimwa mkojo kutafuta dawa za kulevya, na unajaza fomu ya maswali ya tabia. Katika fomu hiyo mwandishi alikubali “kwa nguvu” kwamba kanuni zifuatwe neno kwa neno kila wakati, akaambiwa hajakubali vya kutosha. (Nilicheka ndani ya daladala, watu wakanigeukia.) Sisi tunaoshinda tukitafuta misamiati tuisome sehemu hii mara mbili. Inaonyesha neno linavyoweza kufanya kazi ya askari.

Lakini kiini cha sura ni shati. Mfanyakazi mwenzake alitaka shati lenye doa, lililokwisha kupunguzwa mpaka dola 7. Akaambiwa bidhaa iliyoshushwa bei haina tena punguzo la mfanyakazi. Saa nzima ya kazi, kabla hujala wala kulipa chumba, kwa shati lenye doa, katika duka linalojisifu kwa urahisi! Kurasa kumi za takwimu zisingefanya kazi ya shati hilo.

Takwimu zilikuja baadaye, na zilimuunga mkono. Desemba 2008 kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 640 kumaliza kesi 63 za madai ya mishahara na saa za kazi. Mwaka 2020 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliitaja miongoni mwa waajiri wenye watu wengi wanaopokea msaada wa chakula wa serikali katika majimbo yaliyochunguzwa. Yaani sehemu ya ile bei chee analipa mlipa kodi.

Udhaifu wa kitabu? Mwandishi ana tiketi ya kurudi. Minneapolis alipokosa nyumba ya kuweza kuilipia, aliondoka, kwisha kazi. Wenzake walibaki, na tunawaona kwa dakika chache tu za mapumziko, kama abiria wa dirishani. Linganisha na Kuli cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka 1979. Pale makuli wa bandari ya Unguja wana nyumba na jamaa, na mwaka 1948 wanagoma. Ehrenreich naye anajaribu kuchokoza habari za chama cha wafanyakazi, lakini ni mgeni anayetikisa mti siku ya kuondoka. Wengine kibarua kingeota nyasi.

Hata hivyo anatushinda kwa jambo moja: anahesabu. Katika hadithi zetu shujaa hana kitu ukurasa wa kwanza, ukurasa wa tatu yuko baa anaagiza bia, na hakuna anayeuliza hela katoa wapi. Nauli hatuitaji. Kodi ya chumba hatuitaji. Tunaandika “maisha magumu” halafu tunakimbilia mapenzi.

Na mnyama yule alifika mpaka kwetu. Mwaka 2011 Walmart ilinunua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini, wenye maduka ya Game, likiwamo lile la Mlimani City, Dar es Salaam. Mwaka 2022 Game ikafunga maduka yake Afrika Mashariki. Keshia, mpanga shelfu, mlinzi wa mlangoni, wote wale walikuwa na zamu, na nauli ya kurudi nyumbani usiku. Mimi sijasoma hadithi yao hata moja. Kama unayo, hata kwa mwandiko wa kalamu, ilete, na bei uziandike.