Mlango wa Pili wa Maji

Injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo hupozwa na bahari yenyewe. Maji ya chumvi huingia kwa koki iliyo chini ya usawa wa maji, hupita kwenye chujio, huvutwa na pampu yenye impela ya mpira, hubeba joto la injini, kisha hutoka pamoja na moshi. Vyombo vingi vina mlango huo mmoja tu. Fundi makini huongeza wa pili, na kazi hiyo, iliyojificha gizani chini ya mbao, ndiyo ninayoipenda kuliko zote za chumba cha injini.

Mlango wa pili una matumizi mengi. Mfuko wa plastiki ukinasa kwenye tundu la chini katika hori la Mtwapa, injini hupata maji kwingine. Chombo kikitaka kulazwa miezi kadhaa, huvuta maji baridi ya ndoo yakaosha chumvi ndani. Kanada, kabla ya majira ya baridi, huvuta kwa njia hiyohiyo dawa isiyoganda, maana maji yakigeuka barafu hupasua chuma. Na siku ya shida, injini inaweza kuinywa ngama, maji yanayojikusanya chini kabisa ndani ya chombo.

Kazi yenyewe hufanyika kati ya koki na chujio, ili uchafu wa ngama ukamatwe kabla haujafika kwenye pampu. Hapo hosi hukatwa, valvu ya njia tatu ikawekwa. Fundi asiyefikiri angetumia kiungo cha T na koki mbili, na kingefanya kazi vizuri mpaka siku koki zote mbili zitakaposahauliwa wazi: bahari itapanda kwa moja, itashuka kwa nyingine hadi ngamani, na chombo kitazama usiku kikiwa kimetulia kwenye nanga. Hata valvu zenyewe zinafanana kwa nje. Ndani, nyingine zina njia ya umbo la T, inayoweza kuunganisha milango yote. Nyingine zina umbo la L, na hiyo, hosi ya chujio ikifungwa kwenye mlango wa kati, haiwezi kufungulia bahari iende ngamani. Fundi ninayemsifu huishika mkononi, huizungusha, huchungulia kila upande kabla ya kulipa.

Hosi zake zina waya ndani, kwa sababu hosi laini hunywea inapovutwa. Kila ncha ya hosi iliyo chini ya usawa wa maji hukazwa kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Shaba ya njano ya dukani haikaribishwi, maana chumvi huinyang'anya zinki ikabaki dhaifu, ivunjike kwa kuguswa.

Umakini wake mkubwa uko kwenye maji baridi. Hafungi mpira wa bomba la mtaani moja kwa moja kwenye mlango ule. Bomba lina msukumo. Injini ikiwa imezimwa, maji huvuka pampu, hujaza ekzosi, hurudi nyuma hadi kwenye silinda. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo injini ikiwashwa hupinda fimbo ya pistoni. Yeye huweka ndoo, injini ijivutie kadiri inavyohitaji, na ndoo ikikaribia kwisha huzima. Impela hulainishwa na maji yaleyale inayoyavuta. Ikizunguka kavu huungua upesi.

Ngama nayo ina masharti. Tundu la inchi moja, nusu mita na kitu chini ya maji, huingiza takriban lita 60 kwa dakika, zaidi ya uwezo wa pampu ya injini ndogo. Basi njia hii husaidia pampu za ngama, haishiki nafasi yao, na lazima mtu mmoja akae akiangalia, arudishe valvu baharini kabla impela haijavuta hewa. Kwa ajili ya mtu huyo, fundi huweka mpini pale mkono unapofika bila kuinua ubao zaidi ya mmoja, na huandika kwa rangi nyeupe, kwa herufi zinazosomeka kwa kurunzi: BAHARI, NDOO/NGAMA.