Muda, Mapigo na Buriani: Uhakiki Linganishi wa Rekodi Mbili za Glenn Gould za Goldberg Variations (1955 na 1981)

Utangulizi

Mpiga piano wa Kanada, Glenn Gould, aliirekodi kazi ya Johann Sebastian Bach ijulikanayo kama Goldberg Variations mara mbili katika studio moja ya Columbia, Mtaa wa 30, New York. Rekodi ya kwanza ilifanywa Juni 1955, Gould akiwa na umri wa miaka 22. Ya pili ilifanywa Aprili na Mei 1981, akiwa na miaka 48. Rekodi ya 1955 huchukua takriban dakika 38, na ya 1981 takriban dakika 51. Gould alifariki tarehe 4 Oktoba 1982, majuma machache tu baada ya rekodi ya pili kutolewa.

Mfuatano huo wa matukio umezaa ufasiri uliozoeleka: rekodi ya kwanza ni sauti ya ujana wenye haraka, na ya pili ni buriani ya mtu anayekaribia kaburi. Sehemu hii inajadili kuwa ufasiri huo una kasoro mbili. Kwanza, unakitumia kifo ambacho msanii hakukijua ili kueleza maamuzi aliyoyafanya zaidi ya mwaka mmoja kabla. Pili, unategemea urefu wa rekodi, kigezo ambacho kikichunguzwa kipande kwa kipande hakiwezi kuubeba mzigo uliotwishwa.

Urefu wa rekodi kama kigezo

Kazi hii, iliyochapishwa mwaka 1741, huanza kwa aria, hufuatiwa na migeuzo 30 iliyojengwa juu ya msingi wa besi ya aria hiyo, kisha aria hurejea. Kila mgeuzo wa tatu, kuanzia wa 3 hadi wa 27, ni kanoni, yaani sauti moja huifuata na kuiiga nyingine. Kwa mujibu wa nota za Bach, kila nusu ya kipande hurudiwa. Mwaka 1955 Gould hakurudia nusu yoyote. Mwaka 1981 alirudia nusu ya kwanza katika kanoni zote tisa na katika vipande vingine vichache vyenye ufumaji mkali wa sauti, ukiwamo mgeuzo wa 10 na wa 30.

Kwa hiyo, sehemu ya dakika 13 zilizoongezeka haitokani na mwendo wa taratibu hata kidogo. Inatokana na uamuzi wa kimuundo wa kumpa msikilizaji nafasi ya pili ya kuzitenganisha sauti zilizosukwa pamoja. Mhakiki anayejumlisha dakika bila kuutenga urudiaji huchanganya mambo mawili: kasi ya kupiga na wingi wa kilichopigwa.

Ni kweli kwamba kuna vipande ambavyo urefu wake husema jambo. Aria ya mwanzo, ambayo haikurudiwa katika rekodi yoyote kati ya hizo mbili, huchukua chini ya dakika mbili mwaka 1955 na zaidi kidogo ya dakika tatu mwaka 1981. Hapa mwendo umepungua waziwazi, na hoja ya buriani hupata nguvu inapoongezwa kwamba aria ya mwisho ya 1981 ni ndefu kuliko ile ya mwanzo. Hata hivyo, rekodi ya 1955 ina tabia hiyohiyo: aria inaporejea huchukua zaidi ya dakika mbili. Ikiwa kuchelewesha aria ya kufunga ni dalili ya kuaga dunia, basi dalili hiyo ilikuwapo tangu msanii alipokuwa kijana wa miaka 22.

Ushahidi wa mgeuzo wa 25

Mgeuzo wa 25 ni mmojawapo wa migeuzo mitatu iliyo katika G minori, na ndio wenye huzuni nzito zaidi katika kazi nzima. Kama nadharia ya uzee na mauti ingekuwa sahihi, hapa ndipo rekodi ya pili ingepaswa kukawia kuliko ya kwanza. Kinyume chake ndicho kilichotokea: mwaka 1955 mgeuzo huu huchukua karibu dakika sita na nusu, na mwaka 1981 huchukua takriban dakika sita. Kijana ndiye aliyeomboleza kwa kirefu. Katika mazungumzo yake na mhakiki Tim Page mwaka 1982, Gould mwenyewe aliikosoa namna yake ya awali ya kuupiga, akiiona imezidisha hisia.

Mazungumzo hayo yanatoa kigezo mbadala. Gould alieleza kuwa katika rekodi ya pili alitafuta pigo moja la msingi ambalo lingeiunganisha migeuzo yote, pigo hilo likigawanywa au kuzidishwa kadiri kipande kilivyohitaji. Msikilizaji anaweza kulithibitisha hilo kwenye viungo: mara nyingi pigo la kipande kinachokwisha huwa na uhusiano wa kihesabu na pigo la kinachoanza. Mwaka 1955 kila mgeuzo una tabia yake na unang'aa peke yake. Mwaka 1981 mgeuzo wa 25 haukuruhusiwa kujitenga na wenzake, na ndiyo sababu haukukawia.

Studio na dhana ya utendaji

Ulinganishi huu unagusa pia nadharia ya utendaji inayotumika katika fasihi simulizi. Lord (1960) alionesha kuwa kila uimbaji wa tendi ni utungo unaojitegemea, na Finnegan (1970) aliuweka utendaji kwenye kiini cha fasihi hiyo. Kwa mtazamo huo, rekodi za 1955 na 1981 ni kazi mbili, wala hakuna iliyo nakala pungufu ya nyingine. Hata hivyo, nadharia hiyo hudhani kuna tukio moja, mahali pamoja na mwili mmoja mbele ya hadhira. Gould aliacha maonesho ya jukwaani mwaka 1964, na katika insha yake ya 1966 kuhusu mustakabali wa kurekodi alieleza jinsi fyuga moja ya Bach ilivyoundwa kwa kuunganisha jaribio la sita na la nane, jambo lililowezekana kwa kuwa mwendo wa majaribio hayo ulikaribiana mno. Rekodi ya namna hiyo haiwezi kusomwa kama kipimo cha mwili uliochoka. Ni matokeo ya uteuzi.

Hitimisho

Uhakiki umebainisha kuwa tofauti kuu ya rekodi hizi imo katika uhusiano wa kipande na kipande, na kwamba saa na wasifu wa msanii haviwezi kuieleza peke yake. Msikilizaji anaweza kuipenda rekodi ya 1955 kwa uhuru wa kila mgeuzo, au ile ya 1981 kwa mshikamano wake, na mapenzi yote mawili yana msingi katika sauti yenyewe. Ufasiri wa buriani humnyima Gould sifa anayostahili: humfanya mtu aliyefikiri upya kuhusu Bach aonekane mtu aliyekuwa akifa tu.