Uswidi Ilivyokosea Mlango

Uamuzi wa serikali ya Uswidi wa Machi 2017, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2018, uliingiza uandishi wa programu katika hisabati tangu darasa la kwanza hadi la tisa. Ngazi zake zilipangwa kwa busara, wala sina neno juu yake. Lakini somo hilo liliwekwa chini ya aljebra, na hapo, kwa insafu yote, ndipo walipokosea dhahiri.

Mwalimu wa aljebra hutumia miaka kumwelewesha mtoto kwamba alama ya usawa ni mizani, na kwamba x = x + 1 ni muhali, kwa kuwa hapana nambari iliyo sawa na nafsi yake ikiongezwa moja. Kisha mwalimu yuleyule, chini ya kichwa kilekile cha mtaala, akifika kwenye lugha ya programu iitwayo Python, sharti aandike ubaoni x = x + 1 na kuiita sahihi, maana humo alama ile haidai usawa bali yaamuru: twaa thamani iliyomo katika x, iongeze moja, uirejeshe humo. Herufi ambayo katika mlinganyo ilikuwa nambari moja iliyofichika, sasa imekuwa chombo kinachobadilishwa yaliyomo kila hatua. Scratch, lugha ya vipande ya kuanzia, huusitiri mgongano huo, kwani kipande chake husema wazi "badilisha kwa 1"; basi fadhaa humngojea mwanafunzi katika madarasa ya juu, milinganyo inapozidi uzito.

Laiti wangalimsoma Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, ambaye pamoja na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon aliasisi Logo, lugha ya programu kwa watoto, mwaka 1967! Kobe wa Logo, mchoraji aachaye mstari aendako, alikaa katika jometri: mtoto atakaye pembetatu ya pande sawa humwamuru ageuke digrii 60, umbo likaharibika, akagundua mwenyewe kwamba ni 120, kwa kuwa migeuko yote mitatu sharti itimize 360. Hapo programu ilikuwa hadimu wa hisabati, si mshindani wake.

Nitarudia kilio changu cha zamani: hisabati mpya iliyotungiwa vitabu Entebbe kuanzia 1962 ilitutangulizia vitabu, mwalimu akafuata nyuma, na Kenya ikaiondoa mwaka 1981. Enyi watunga mitaala wetu, anzeni na mwalimu, na programu muiweke katika jometri.