Kicheko cha Mufwankolo na Firigisi Isiyogawanywa

Wako watu wanaodhani kwamba kichekesho ni kitu cha kupitishia jioni tu, na kwamba mtu mwenye akili hana haja ya kukipima kama apimavyo kitabu. Sisi hatukubali. Kichekesho kikisha kunaswa katika kanda hudumu, hurudiwa, na vijana hujifunza kwacho namna ya kusema na namna ya kumtazama mwenzao. Basi yafaa kipimwe. Na katika Kongo yetu, upande wa wasemao Kiswahili, pa kuanzia ni kwa Mufwankolo wa Lubumbashi, pamoja na kundi lililoitwa kwa jina lake, ambalo watu walilijua kwa redio na kwa televisheni.

Sifa ya kwanza ya michezo ile ni lugha yake. Kiswahili cha Lubumbashi kilikua pamoja na mji wenyewe, uliojengwa tangu 1910, na migodi ya shaba iliyokusanya watu wa makabila mengi. Hakisemi “watoto”, chasema “batoto”, kama wasemavyo wengi wetu toka Uvira hata Baraka. Mwalimu wa sarufi atakunja uso. Lakini mama auzaye ndagala sokoni hakunji uso, maana anayesema ni mtu wa kwao. Mufwankolo angaliweza kutafuta Kiswahili cha vitabuni, au Kifaransa cha wakubwa. Akachagua lugha ya wale aliotaka wamsikie. Hilo si kosa la lugha. Ni heshima kwa watu.

Sifa ya pili ni kwamba hawakusoma maneno katika karatasi. Huko Marekani, mwaka 1960, Bob Newhart, aliyewahi kuwa mhasibu, alitoa santuri yake ya kwanza. Katika baadhi ya vichekesho vyake alijifanya anasema kwa simu na mtu asiyesikika, na msikilizaji akajaza mwenyewe maneno ya upande wa pili. Santuri ile ikapata tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka. Ni kazi nzuri, lakini ni ya mtu mmoja na simu yake. Kwa Mufwankolo kazi ni ya wengi: hupatana juu ya kisa, kisha kila mmoja hutafuta maneno yake papo hapo, na mwenzake humjibu. Ndiyo maana mtu husikia ndani yake mazungumzo ya kweli, na si wanafunzi wanaokariri somo.

Sifa ya tatu ndiyo kubwa. Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian alikuwa Lubumbashi, akasikia mezani msemo wa Kifaransa wenye maana kwamba mamlaka huliwa nzima. Msemo ulitajwa kwa ajili ya firigisi ya kuku. Nasi twajua mambo ya firigisi: katika nyumba nyingi ni ya mkubwa, wala haikatwi vipande. Lakini msemo huo una makali pande mbili. Je, wasema kwamba utawala usigawanywe, nyumba moja isije ikawa na mabwana wawili? Au wasema kwamba mkubwa hula yote, na wadogo hubaki kutazama sahani?

Kundi la Mufwankolo liliuchukua msemo huo, likaujadili, likafanya mazoezi, likaucheza kwa ajili ya televisheni. Tukumbuke siku zile: nchi iliitwa Zaire, chama kilikuwa kimoja tu, na televisheni ilikuwa ya serikali ya Mobutu. Wao wakacheza habari za mfalme wa kijiji, ambaye sisi tungemwita mwami. Mwenye masikio aliweza kusikia. Fabian aliyanasa majadiliano na mazoezi yao, akayachapa mwaka 1990 katika kitabu kiitwacho Power and Performance, pamoja na Kiswahili chao. Kwa hiyo wachezaji wa mitaani wamehifadhiwa kwa maneno yao wenyewe, jambo ambalo ni nadra.

Dosari iko. Michezo hii hupenda mno kuhubiri, na mara nyingine funzo huja kabla kicheko hakijaisha. Tena maneno yaliyochapwa hupoteza nusu ya uhai wake, kwa kuwa karatasi haina uso wala sauti ya watazamaji. Lakini heri mchezo wenye funzo jingi kuliko mchezo wenye dharau.

Hapo ndipo yatuhusu sisi wa pwani hii ya ziwa. Siku hizi kijana yeyote wa Uvira mwenye simu aweza kunasa kichekesho asubuhi, na jioni kikasikika Fizi na Bujumbura. Vingine ni vizuri. Lakini viko vinavyochekesha kwa kuiga matamshi ya kabila la jirani, au mwendo wa kilema, au mavazi ya mkimbizi. Wacheshi hao huwa na ujasiri mwingi mbele ya mnyonge, wala hawagusi kamwe firigisi ya mkubwa. Katika nchi iliyoona vita kama yetu, kicheko cha namna hiyo ni kibiriti karibu na nyasi kavu. Leo watu wanacheka, kesho wanaamini.

Basi kabla hatujamsifu mcheshi na kumtumia rafiki kanda yake, tuulize neno moja: anamcheka nani? Mufwankolo na wenzake, katika siku za hatari, walikiinua kicheko chao kumwelekea mwenye sahani. Wahenga wasema: mcheka kilema hafi bila kumfika.