Rangi Si Ushahidi

Ukitaka kujua ubora wa fundi umeme wa magari, usitazame anavyounga nyaya. Tazama anachofanya kabla ya kuunga. Kuunga ni kazi ya mikono, na mikono hujifunza upesi. Kazi ngumu ni ile inayotangulia: redio ya zamani imeshatolewa, nyaya zimening'inia mbele ya dashibodi, na fundi anakataa kuamini kwamba waya wowote unafanya kile unachoonekana kufanya. Nausifu ukaidi huo kwa sababu ndio moyo wa ufundi wenyewe, na kwa sababu ndio tunaoupuuza kila tunapofika gereji na redio mpya ndani ya boksi.

Dodoma ni mahali pazuri pa kuutazama ufundi huu. Magari mengi ya hapa yametoka Japani yakiwa yametumika, yakashushwa bandari ya Dar es Salaam na kupanda barabara ya Morogoro mpaka hapa makao makuu ya nchi. Redio zake nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya masafa ya huko, FM ya kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati vituo vyetu hupangwa kati ya 87.5 na 108. Sehemu inayokutana ni nyembamba mno, kwa hiyo mwenye gari anakuta vituo vingi vya nyumbani havimfikii. Wapo wanaofunga ekspenda, kisanduku kidogo cha kuhamisha masafa, na wapo wanaoamua kubadili redio nzima. Anayeendesha kwenda Singida, Iringa au Kondoa ana saa nyingi za barabara mbele yake, na redio ndiyo inayompa taarifa ya habari, mawaidha, mpira na muziki. Haja yake ni ya kweli, na ndiyo inayomleta kwa fundi.

Hapo ndipo rangi zinapotega mtego. Redio za dukani zina desturi yake: waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, mweusi ni wa ethi, na jozi za rangi nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika. Toyota nyingi zina desturi nyingine kabisa: umeme wa kudumu hupita kwenye waya wa bluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo kwenye kijivu, na ethi ni kahawia. Ndani ya gari hilohilo, mweusi na wa njano ni jozi ya spika ya nyuma kushoto. Anayeunga rangi kwa rangi atafunga njano kwa njano na nyeusi kwa nyeusi, redio haitawaka, naye atamwambia mteja kwamba ameuziwa mbovu. Baya zaidi ni kijivu kwa kijivu. Kwenye redio, kijivu ni njia ya kutoa sauti kwenda spika ya mbele kulia; kwenye gari, ni umeme wa volti 12 unaosubiri ufunguo. Rangi zimefanana kabisa, na kufanana huko kunatosha kuunguza redio ambayo haijacheza hata wimbo mmoja.

Fundi wa kweli hupima. Huweka ncha nyeusi ya mita kwenye chuma kitupu cha bodi, na ncha nyekundu huipeleka waya kwa waya. Unaosoma volti 12 na ushei wakati ufunguo uko mfukoni ndio wa kudumu. Unaosoma sifuri, kisha ukaamka ufunguo ukizungushwa, ndio wa ufunguo. Hata hivyo, mita nayo hudanganyika. Waya uliokatikakatika ndani ya ganda lake, ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba, bado utaonyesha volti 12, kwa sababu mita hainywi umeme wa maana. Upe waya huo kazi nzito, kama ya kuwasha balbu ya taa kubwa, na mwanga unaweza kufifia au usiwake kabisa. Kwa spika, betri ya saa ya ukutani yenye volti 1.5 inatosha: ukigusisha nyaya zake kwa nukta moja, karatasi ya spika husukumwa nje ikiwa chanya imekutana na chanya, na huvutwa ndani ikiwa zimepishana. Dalili nazo huhojiwa. Redio inayosahau saa na vituo kila gari likizimwa mara nyingi imepishanishiwa njano na nyekundu. Mluzi unaopanda kadiri mguu unavyokanyaga mafuta hutoka kwenye altaneta, na mara nyingi hupata njia kwa sababu ethi haikushikwa vizuri.

Atakayepinga atasema siku hizi kuna soketi za kuchomeka, za pini 10 na pini 6 kwa Toyota, kwa hiyo ujuzi huu unapitwa na wakati. Soketi ni msaada mkubwa, na fundi mzuri huzipenda. Lakini soketi huamini kwamba gari liko kama lilivyotoka kiwandani. Gari lililopita mikono kadhaa lina historia: alamu iliyofungwa na kung'olewa, soketi ya asili iliyokatwa, viungo vya kusokota vilivyofungwa tepu ambayo gundi yake imelegea kwa joto la Novemba na kujaa vumbi. Soketi haiwezi kuisoma historia hiyo. Mwingine atasema redio ni anasa tu. Lakini fyuzi iliyozibwa kwa kipande cha waya ili muziki uendelee inaweza kuwasha moto ndani ya gari lenye watoto, na utaratibu unaoibaini ndio huohuo unaotafuta kwa nini taa za breki haziwaki. Wapo pia wanaodai kwamba mafundi wa chini ya mti hubahatisha. Wengine hubahatisha, ndiyo, kama walivyopo wanaobahatisha wakiwa na vyeti ukutani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua waliojifunzia kazini, jambo linalokiri kwamba kinachohesabika ni ujuzi, popote ulipopatikana.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la mteja: ana haraka, na fedha yake ni ya kufunga, si ya kutafuta. Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini gereji tunamhukumu fundi anayeuliza. Akichomeka upesi tunamwita mjuzi. Akikaa na testa bila kuunga chochote tunaona anajivuta ili atoze zaidi. Kwa kumlipa kwa nyaya alizounga, tunamfundisha kijana anayejifunza pembeni kwamba kupima ni hasara. Basi tubadili tunachokilipia. Tukubaliane bei ya ukaguzi kabla dashibodi haijafunguliwa, tumwombe atuonyeshe usomaji wa mita, na tumlipe hata akituambia kwamba redio ya zamani ilikuwa nzima na kasoro ilikuwa ethi tu. Jibu hilo linatuokolea fedha, na fundi atakuwa na sababu ya kulitoa pale tu tutakapokuwa tayari kulilipia.