Upendeleo au Nafuu? Swali la Mwanafunzi wa Ifakara

Miongoni mwa maneno yanayotumiwa shuleni pasipo kupimwa, limo neno "upendeleo". Tulipata kuketi nyuma ya darasa katika shule moja ya msingi mjini Ifakara, bonde la Kilombero, somo la historia likiendelea. Mwalimu alieleza kwamba katika Tanganyika ya ukoloni shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na kwamba serikali ilitumia fedha nyingi zaidi kwa mtoto wa Kizungu kuliko kwa mtoto wa Kiafrika. Akahitimisha: "Huo ulikuwa upendeleo." Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, nani aliyewapendelea?" Akajibiwa kuwa ni Gavana. "Basi Gavana alipoondoka, upendeleo ulikwisha?" Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akaendelea na somo.

Hatumlaumu mwalimu, twalilaumu neno. "Upendeleo" hutokana na kitenzi "pendelea", nacho hudai mtu atendaye. Lafaa kwa mwamuzi wa mpira, au kwa karani ampitishaye ndugu yake mbele ya foleni. Dhana iliyokuwa ikifundishwa ni nyingine: ni faida ambayo mtu huikuta imekwisha kuwekwa, akaifaidi bila kuiomba, nayo hubaki hata aliyeiweka akienda zake.

Mfano hauko mbali. Ng'ambo ya milima ya Udzungwa, mjini Iringa, ilijengwa shule ya bweni ya St Michael's and St George's kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Kuanzia mwaka 1962 mgawanyo wa shule kwa rangi ulifutwa kisheria. Leo mahali hapo pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na wananchi wa kila asili husoma humo. Lakini waliosoma kabla ya hapo walikwenda na elimu yao, na watoto wao wakazaliwa katika nyumba zenye vitabu. Sheria ilikomesha tendo. Haikuweza kufuta matokeo yake.

Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, inapofafanua maana ya kubagua, hutaja pande zote mbili: wanaowekewa vikwazo na wanaopewa fursa au faida. Darasani twaueleza vema upande wa aliyenyimwa kwa neno "ubaguzi", bali upande wa aliyepata twauachia neno lisilotosha.

Wako wanaotumia "haki maalumu". Hilo nalo hatuliafiki. Haki ni stahili ya mtu. Kuiita haki faida iliyotokana na dhuluma ni kuihalalisha.

Sisi twapendekeza "nafuu ya kurithi". Neno "nafuu" lipo vinywani mwa watu: mtu humwambia mwenziwe, "Nafuu wewe," bila kumshtaki kwa lolote. Tulijaribu palepale Ifakara. Msimu wa mpunga baadhi ya familia huhamia mashamba ya mbali bondeni na kulala katika madungu, na watoto wao huweza kukosa masomo. Mtoto wa mtumishi wa mjini hubaki na taa yake na daftari lake. Hakuna aliyempendelea, lakini ana nafuu. Akiambiwa amependelewa, atajitetea; akiulizwa nafuu yake ni ipi, ataweza kuihesabu. Hapo ndipo mazungumzo juu ya rangi, na juu ya kila tofauti nyingine, yaanzapo kuwa elimu badala ya ugomvi.

Yaweza kusemwa kwamba "nafuu" ni neno la upole mno, tena ni la mgonjwa na la bei. Twajibu kwamba "ya kurithi" huibana maana, na kwamba neno "ubaguzi" libaki mahali pake kulitaja kosa. Moja litaje tendo, jingine litaje masalio yake.

Wasomaji, hasa walimu, walijaribu neno hili darasani, kisha watuletee hukumu yao. Mwanafunzi yule bado anangoja jibu.